Mabomba ya meli: zinki yavuruga hesabu za fundi

Mji usio na bandari unahusikaje na meli? Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, fundi wa hapa hufika Dar es Salaam siku hiyo hiyo kufuata kazi. Shida iko kwenye bei anayotaja.

Baadhi ya mabomba ya maji ya bahari melini ni ya shaba ya njano yenye alumini: shaba takriban asilimia 76, zinki 22, alumini 2 na chembe za arseniki. Alumini hujenga utando unaolinda bomba lisiliwe na chumvi. Mkorofi ni zinki. Huchemka kwenye nyuzijoto 907, wakati shaba tupu huyeyuka kwenye 1,085. Hivyo hutoka kama moshi mweupe na kuacha vitundu kwenye kiungo.

Ndiyo maana hutakiwa mashine ya tigi, gesi ya argoni na waya wa kujazia usio na zinki. Hizo si anasa, ni gharama. Fundi anayetoza bei ya grili za madirisha anakula mtaji, tena moshi huo humpa homa jioni.

Kiungo kikishapoa, hupashwa tena moto wa wastani kuondoa mkazo, la sivyo bomba laweza kupasuka likiwa kazini. Muda huo nao uandikwe kwenye ankara.