Choki ya Umeme kwenye Injini Kuukuu ya Boti

Eldoret haina ziwa, na Mto Sosiani hauwezi kubeba boti ya injini. Lakini Ziwa Baringo liko ng'ambo ya Bonde la Kerio, na Ziwa Victoria nalo haliko mbali kwa mwenye pikapu. Injini kuukuu ya boti ikipandishwa huku kutafuta fundi, malalamiko yanayokuja nayo huwa yale yale: asubuhi haiwaki, choki haishiki. Na jibu linalotolewa kabla hata ya kufungua kifuniko ni kwamba solenoidi imekufa. Mara nyingi haijafa.

Nazungumzia Johnson na Evinrude za zamani zenye stata ya umeme. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekulia Marekani, alianza kuuza injini zake za kufungwa nyuma ya boti mwaka 1909, na baadaye majina hayo mawili yakawa chini ya kampuni moja, OMC. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2000, na BRP ya Kanada iliyoyachukua majina hayo ikaacha kutengeneza injini za Evinrude mwaka 2020. Kwa hiyo solenoidi nzima ukiitupa, kupata nyingine ni kazi.

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli hugandamana na chuma cha ndani badala ya kugeuka mvuke. Choki ni kibamba kilicho mdomoni mwa kabureta. Kikijifunga, hewa inabanwa, mvuto ndani unaongezeka na petroli nyingi zaidi inanyonywa, ili hata hiyo kidogo inayofanikiwa kuwa mvuke itoshe kushika moto. Kwenye injini hizi, kinachokivuta kibamba ni solenoidi, yaani koili ya waya yenye kijiti cha chuma katikati. Umeme ukipita, kijiti kinavutwa. Ukikatika, springi inakirudisha.

Umeme wenyewe hutoka kwenye betri ya voti 12, ukapita kwenye fyuzi, ukafika kwenye swichi ya ufunguo. Nyuma ya swichi za OMC kuna herufi: B ni ya betri, S ya stata, C ya choki. Ukisukuma ufunguo kwa ndani, B inagusana na C, na waya wa C unashuka hadi kwenye solenoidi. Hapo watu wengi hufikiri safari imekwisha. Umeme sharti urudi kwenye betri, na kwa solenoidi yenye waya mmoja njia ya kurudi ni mwili wake wenyewe: unapita kwenye kishikizo chake, ukaingia kwenye bonge la injini, kisha kwenye waya mweusi mnene wa betri. Hiyo ndiyo athi, na ndiyo ninayoishuku kwanza. Kutu chini ya kishikizo, unga mweupe wa aluminiamu, au rangi mpya aliyopaka mtu akitaka injini ipendeze, vyote hukata njia hiyo bila kuonekana. Injini iliyotoka pwani, iliyozoea maji ya chumvi, huwa na ziada: chuna waya utakuta shaba imegeuka kijani ndani ya plastiki yake.

Anza kwa kidole. Sukuma kibamba kwa mkono; kikiwa kimekwama kwa gundi ya petroli ya zamani, hakuna umeme utakaokisaidia. Kikiwa chepesi, chomoa waya wa solenoidi na uunge waya mwingine mrefu kutoka hapo. Ncha ya pili iguse chanya ya betri kwa sekunde moja. Uunganisho wa mwisho ufanyike upande wa betri, kwa sababu cheche itaruka hapo, na hutaki iruke karibu na kabureta. Ukisikia "tak", solenoidi na athi ni nzima. Hitilafu iko kwenye swichi, fyuzi au waya wa kati. Kusipotokea kitu, unganisha hasi ya betri na mwili wa solenoidi kwa waya wa pili, kisha rudia. Ikilia sasa, umempata mwizi: fungua kishikizo, piga msasa hadi chuma king'ae, ukifunge tena. Ikinyamaza bado, ndipo uipime koili kwa mita. Koili nzima huonyesha omu chache tu. Isipoonyesha njia yoyote, imekatika.

Usifanye hatua hii kwa kubahatisha nyaya. Kwenye OMC nyingi kuanzia miaka ya 1970, waya wa choki ni wa zambarau wenye mstari mweupe. Ule mweusi wenye mstari wa njano ni wa kuzimia injini na huenda kwenye herufi M; ukiupelekea voti 12 unaweza kuunguza kisanduku cha kuwashia, na hicho ni ghali kuliko choki mara kadhaa. Injini za zamani zaidi hazifuati rangi hizo, kwa hiyo ufuate waya wenyewe kwa mkono.

Sasa mwinuko. Eldoret iko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli karibu kama kawaida, na mchanganyiko unazidi petroli. Alfajiri ya nyuzi 10 injini inataka choki, lakini sekunde mbili tatu zinatosha. Ukiishikilia, plagi zinalowa, na koili nayo inapata moto bure kwa kuwa haikuundwa kukaa na umeme muda mrefu.

Moshi mzito kwenye pipa la majaribio usimshawishi fundi kuweka jeti ndogo, yaani tundu dogo zaidi la kupitishia petroli kwenye kabureta. Injini itanguruma vizuri hapa mjini, kisha ishushwe Kampi ya Samaki kwenye Ziwa Baringo, karibu mita 1,000, ambako hewa ni nzito. Huko petroli itapungua, na kwenye injini ya mipigo miwili oili inakuja pamoja na petroli. Ikibeba mzigo kwa mwendo wa kasi, pistoni inachemka na kukwama ndani ya silinda. Jeti za asili zibaki, na kabureta irekebishwe ziwani, boti ikiwa na abiria wake.