Maneno ya Serikali ya Marekani

Mtu asomaye habari za Marekani hukutana na maneno mengi ya serikali, na asipoyafahamu habari zenyewe humpotea. Maneno hayo tutayaelewa vizuri tukiyaona yakifanya kazi yake, yaani katika mashindano makubwa kati ya Rais Andrew Johnson na Kongresi, tangu mwaka 1866 hata 1868.

Neno la kwanza ni Katiba, sheria iliyo juu ya sheria zote. Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787, nayo iliyagawanya mamlaka sehemu tatu, yasikusanyike mkononi mwa mtu mmoja. Kutunga sheria ni kazi ya Kongresi. Kuzitekeleza ni kazi ya Rais. Kuamua mashauri ni kazi ya mahakama. Kongresi ina mabaraza mawili. Katika Seneti kila jimbo, kubwa kwa dogo, hupeleka maseneta wawili. Katika Baraza la Wawakilishi jimbo lenye watu wengi hupeleka wajumbe wengi. Siku hizi majimbo ni 50, maseneta 100, na wawakilishi 435.

Mwaka 1865 Rais Abraham Lincoln aliuawa, na makamu wake, Johnson, akashika mahali pake. Mwaka huo utumwa ulikomeshwa, lakini majimbo ya kusini yaliwawekea watu weusi sheria za kuwabana. Basi mwaka 1866 Kongresi ilitunga mswada, yaani sheria ambayo haijathibitishwa bado. Mswada huo ulisema kwamba watu weusi waliozaliwa Marekani ni raia, nao wana haki ya kufanya mapatano, kumiliki mali na kwenda mahakamani kama watu weupe.

Mabaraza yote mawili yakaukubali, ukapelekwa kwa Rais autie sahihi. Johnson akakataa. Kukataa huko huitwa kura ya turufu. Wachezao karata wajua kwamba turufu huzishinda karata nyingine. Vivyo hivyo neno la Rais mmoja laweza kuuzuia mswada uliokubaliwa na wajumbe wengi. Lakini turufu hiyo nayo ina mshindi wake: theluthi mbili za wajumbe katika kila baraza wakiukubali tena, mswada huwa sheria, Rais apende asipende. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Aprili 1866.

Hata hivyo, sheria ya Kongresi yaweza kufutwa na Kongresi nyingine. Kwa hiyo wakatunga badiliko la Katiba juu ya uraia. Badiliko la namna hiyo hutaka theluthi mbili za kila baraza, kisha robo tatu za majimbo. Lilithibitishwa Julai 1868. Majimbo mengi yalilidharau kwa miaka mingi, lakini lilidumu. Na mwaka 1954 Mahakama Kuu ililitegemea ilipoamua kwamba shule za serikali zisiwatenge watoto kwa rangi.

Katika muda huo ugomvi ulizidi. Februari 1868 Johnson alimfukuza Edwin Stanton, waziri wa vita, ingawa sheria mpya ilimkataza kufanya hivyo bila idhini ya Seneti. Wawakilishi wakamshtaki. Hapa wengi hukosea, kwa maana kushtakiwa si kuondolewa. Baraza la Wawakilishi hushtaki, na wingi wa kura watosha. Seneti ndiyo ihukumuyo, nayo hutaka theluthi mbili. Wakati ule maseneta walikuwa 54, basi zilitakiwa kura 36. Waliosema ana hatia walikuwa 35, na waliosema hana walikuwa 19. Johnson akabaki katika kazi yake kwa kura moja, mpaka Machi 1869.

Twaona basi kwamba kila neno hapa lina hesabu yake. Rais peke yake hakuweza kuwanyima watu uraia, wala Kongresi haikuweza kumwondoa Rais kwa hasira tu. Ukisikia kwamba Rais amepiga turufu, au kwamba ameshtakiwa, usidhani shauri limekwisha. Uliza kwanza: zatakiwa kura ngapi, na ni nani wazipigao?

MASWALI
1. Mswada na sheria hutofautianaje?
2. Turufu ya Rais hushindwa kwa njia gani?
3. Kwa nini Johnson hakuondolewa, ingawa waliomwona ana hatia walikuwa wengi zaidi?