Pawa Saplai na Madaraja Yake (Sehemu ya 3): Dhahabu ya Kwenye Stika

Leo ilikuwa zamu ya kapasita, kama nilivyoahidi, lakini habari za kompyuta zimeniingilia kati. Januari 2025 Nvidia ilitangaza kadi ya michoro ya RTX 5090, kadi moja inayokula hadi wati 575, na yenyewe ikashauri mnunuzi awe na pawa saplai ya wati 1,000. Mwaka huohuo wasimamizi wa alama ya 80 PLUS, ile stika ya ufanisi wa pawa saplai, wakaongeza daraja jipya la Ruby juu ya Titanium, kwa ajili ya seva za vituo vya data. Wasomaji walioniuliza kama daraja la Gold linatosha watapata jibu lao humu humu. Wanivumilie kwanza nipitie historia ya pawa saplai.

IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, pawa saplai nzima ilikuwa ya wati 63.5. Kadi moja ya leo inakula mara tisa ya hizo, na bado mtambo unaoilisha unabebeka kwa mkono mmoja. Kwa mtindo wa zamani hilo lisingewezekana. Mtindo ule ulikuwa na transfoma nzito ya chuma, na volti zilizozidi zilichomwa tu zikawa joto. Nusu ya umeme kupotea halikuwa jambo la ajabu. Mtindo wa swichi ndio uliotuokoa: umeme wa ukutani hunyooshwa kwanza, kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo ya kushikwa kwa vidole viwili hufanya kazi ya lile dude.

Nani asifiwe? Steve Jobs alimwambia mwandishi wa maisha yake, Walter Isaacson, kwamba kompyuta zote zimeiga pawa saplai aliyoibuni Rod Holt kwa ajili ya Apple II ya mwaka 1977. Holt alikuwa fundi hodari, sibishi. Ila mwaka huo wa 1977 Robert Boschert, aliyeanzia kazi kwenye meza ya jikoni kwake mwaka 1970, alikwisha kuwa na kampuni ya watu 650 inayotengeneza pawa saplai za swichi. Huyu ndiye aliyeng'ang'ana kuurahisisha mtambo hadi bei yake ikashindana na ule wa kizamani. Leo ni nani anayemtaja? Tunamkumbuka mwenye duka, fundi tunamsahau, na tabia hiyo ndiyo inayotufanya tununue stika badala ya kifaa.

Alama yenyewe ya 80 PLUS ilizaliwa Marekani mwaka 2004, mikononi mwa Ecos Consulting. Hawakuhubiri, walikwenda kwa mashirika ya umeme, yakakubali kuwapa watengenezaji dola 5 kwa kila kompyuta ya mezani na dola 10 kwa seva itakayotimiza asilimia 80 ya ufanisi katika mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Seasonic walifuzu wa kwanza, mwaka 2005. Mwaka 2007 mpango wa Energy Star ukakifanya kiwango hicho kuwa sharti lake, na mwaka uliofuata zikaja Bronze, Silver na Gold. Dola tano zilifanya kazi ambayo semina nyingi zimeshindwa.

Sasa hesabu. Jedwali la madaraja linalozungushwa na wauzaji ni la volti 115, za Marekani. Kwa volti 230 na ushee za kwetu, pawa saplai ileile kwa kawaida hupata asilimia moja au mbili zaidi. Kompyuta ikihitaji wati 500 kutoka pawa saplai ya wati 1,000, Bronze ya asilimia 85 itavuta 588 ukutani, Titanium ya 94 itavuta 532. Tofauti ni wati 56, na kwa saa nane kila siku hiyo ni kama yuniti 164 kwa mwaka. Anayetengeneza filamu au kufunza mifumo ya akili mnemba ataiona kwenye luku.

Lakini kompyuta ya karani inayochapa barua huhitaji labda wati 80. Kwa pawa saplai ya wati 400, huo ni mzigo wa asilimia 20, mahali pa kwanza panapopimwa. Kwa ile ya wati 1,000 ni asilimia 8. Bronze, Silver, Gold na Platinum hazipimwi chini ya 20, Titanium huishia 10. Ruby pekee ndiyo inayoshuka hadi 5, nayo haiuzwi kwa makarani. Huko chini ufanisi huporomoka, dhahabu au si dhahabu.

Kwa hiyo Gold inatosha, mradi wati zake zilingane na kazi. Nanyi maofisa ununuzi mnaoandika "wati 750 au zaidi" kwenye zabuni ya kompyuta za masjala, futeni hayo maneno "au zaidi", kisha mwulizeni mzabuni ufanisi wa kifaa chake katika mzigo wa asilimia 10, kwa volti 230.