Mfuko wa Kwanza Ubaki Nyumbani

Mwezi wa kwanza, siku ya kupima maharagi ku depo ya kooperative, ni siku ya furaha. Mifuko inapangwa, sekretere anaandika kilo mu kitabu, kila memba anarudi na franka zake. Sisi ma-agronome tunakuwa pale na tunafurahi pamoja nao. Lakini mwezi wa nne, tukipita mu manyumba ya wale wale memba, tunakuta sahani ya bugali ya muhogo na sombe kidogo. Maharagi hakuna. Na ku soko, yule aliyeuza mifuko mwezi wa kwanza sasa ananunua kwa kikombe, na bei imepanda.

Ni juu ya ile tunaandika habari hii. Hatusemi musiuze, kwani kooperative ni ya kuuza. Tunasema tu: kabla mfuko haujapanda ku mizani, hesabu ya nyumba ifanywe kwanza.

Matofali ya mwili

Bugali inatupa nguvu ya kulima, kama vile makala inavyotoa moto mu babula. Protini ni kitu kingine: ni matofali. Kwa protini, mwili unajenga misuli, damu, ngozi, maziwa ya mama, na kinga ya kupigana na magonjwa. Na mwili hauna depo ya kuweka protini kwa miezi. Nyama nyingi ya Noeli hailipi deni ya miezi miwili ya bugali tupu. Kidogo kila siku ni bora.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi za protini kwa siku. Mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha anahitaji zaidi. Sasa tuangalie ile tunaweka ku sahani. Mu gramu 100 za unga wa muhogo kuna gramu 1 ao 2 tu za protini. Mu unga wa mahindi, 8 ao 9. Mu maharagi makavu, karibu 22. Mu karanga, karibu 25. Mu soya, karibu 36. Ndagala iliyokauka vizuri inapita 50. Yai moja linatoa 6.

Mtu akikula nusu kilo ya unga wa muhogo kwa siku, tumbo limejaa, lakini hata gramu 10 za protini hakufikisha. Kushiba na kujengeka ni mambo mawili.

Juu ya nini kuchanganya?

Matofali ya protini ni ya aina nyingi. Aina moja inayopunguka mu mahindi iko kwa wingi mu maharagi. Ile inayopunguka mu maharagi, mahindi yanaileta. Wazee wetu waliopika mahindi na maharagi mu chungu kimoja walikuwa na haki. Chakula hizo mbili zikikuliwa siku moja, zinasaidiana.

Kwa sisi watu wa muhogo kuna sababu ingine tena. Muhogo mchungu una sumu, na kazi ya kwanza ni kuuloweka siku za kutosha na kuukausha vizuri. Ile sumu kidogo inayobaki, mwili unaitoa kwa msaada wa protini. Konzo, ule ugonjwa unaolemaza miguu na unaojulikana sana mu inchi yetu, unakamata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, na pembeni hakuna protini. Hapo ndagala ao sambaza kidogo, hata kijiko kimoja cha unga wake mu sombe, ni msaada mkubwa.

Mtoto anayeachishwa ziwa

Hapa Kivu wote tunajua bwaki: miguu inavimba, nywele inageuka nyekundu na kunyofoka, mtoto hachezi tena na anakataa chakula. Waganga wanaiita kwashiorkor. Ni jina la kutoka Ghana, na maana yake ni ugonjwa unaokamata mtoto wakati mdogo wake anazaliwa. Hata jina linatuonya. Mtoto anaacha ziwa, anapewa bugali na mchuzi. Chakula duni na magonjwa vinashikana mkono, na mtoto anaanguka. Mukiona dalili hizo, musingoje wala musitafute dawa ya kienyeji kwanza. Mumupeleke ku kituo cha afya siku ile ile.

Na tuseme ukweli: mu nyumba nyingi, papa anapewa nyama, watoto wanapewa mchuzi. Mchuzi una harufu ya nyama, lakini matofali yamebaki mu nyama. Tuanze kupakua kwa mdogo na kwa mama mwenye mimba. Kwa mtoto mdogo, maharagi yapondwe vizuri, ngozi itolewe.

Uji wa masoso nao ni mzuri: vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soya. Lakini soya ikaangwe vizuri mbele ya kusaga. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na kazi yote inapotea.

Hesabu ya mfuko

Tuchukue nyumba ya watu saba: papa, mama na watoto watano. Kila mkubwa gramu 100 za maharagi makavu kwa siku, kila mtoto gramu 60. Jumla ni nusu kilo. Toka mavuno ya mwezi wa kwanza mpaka ya mwezi wa sita ni siku 150 hivi, ni kusema kilo 75. Tuongeze kilo 15 kwa wageni na kwa ile inayoharibika: kilo 90. Hata mfuko wa kilo 100 haujajaa! Mbegu ziwekwe pembeni, zisiguswe.

Nusu kilo hiyo inaletea nyumba gramu 110 za protini. Na kama kilo mbili za unga wa siku ni nusu mahindi na nusu muhogo, zinaongeza karibu 100. Hapo nyumba imefikia karibu mahitaji yake bila kununua nyama. Yai, kobayi ao sambaza vikipatikana, ni baraka juu yake.

Kulinda mfuko ule, maharagi yakauke mpaka jino lisiingie, yafungwe mahali pasipoingia hewa wala maji. Mbele ya kupika, yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Yanaiva haraka na makala inabaki.

Tunaomba komite za kooperative jambo moja. Mavuno yanayokuja, sekretere aandike mu kitabu mistari mitatu kwa kila memba: ya nyumba, ya mbegu, ya kuuza. Na papa na mama wakubaliane mistari hiyo pamoja, mbele ya mizani. Mtu aliyekula vizuri ndiye atakayelima msimu unaofuata.