Kizimba kwanza, injini baadaye

Gari linalofanya safari za Kabazana na Mbarara hutambulika kwa mgongo wake. Nyuma limeinuka. Springi zimebadilishwa kuwa ngumu zaidi au zimewekewa pete, ili magunia ya mahindi na maharage, juu yake abiria, yasililaze tumbo kabla halijamaliza barabara ya vumbi ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na kuishika lami ya Mbarara–Kikagati. Fundi aliyefanya kazi hiyo hajioni kama mtu aliyebuni gari jipya. Kwake ni kazi ya siku moja, mteja analipa na anaondoka.

Lakini gari lilikwisha kubadilishwa. Ndiyo maana msimu wa mbio za magari za taifa unapofika Mbarara, mji ambao umekuwa mwenyeji wa mbio hizo kwa miaka mingi, swali la vijana wenye magari ya mzigo huwa ni lile lile: kama limeweza njia ya Kabazana na gunia kumi, litashindwa nini kwenye uwanja?

Litashindwa mengi. Si kwa sababu injini ni ndogo, maana injini ndogo ina daraja lake. Litashindwa kwa sababu lilitengenezwa kwa kazi iliyo kinyume kabisa na ile ya mbio.

Mlango ulio rahisi kuliko yote wa kuingia katika mchezo huu ni autokrosi. Kwa Afrika Mashariki hizi ni mbio za kushindana na saa, si za kusukumana. Njia ni ya udongo, inazunguka, imefungwa kwa watu wengine, na ni fupi kiasi kwamba mtazamaji aliyesimama mahali pa juu anaweza kuiona karibu yote. Magari huachiliwa kwa kupishana na kila moja hupimwa muda wake. Hakuna kusafiri mamia ya kilomita kama kwenye rali, na si lazima kuwa na msomaji ramani pembeni. Wamarekani hutumia jina hilo hilo kwa mbio za kupita kati ya koni kwenye lami, kwa hiyo anayejifunza kwa video za kule ajue anatazama mchezo mwingine.

Nairobi, uwanja wa Jamhuri umezoeleka sana kwa autokrosi, na Wakenya hugawa magari kwa madaraja: yenye kuvuta kwa magurudumu mawili bila tabo, ya magurudumu mawili yenye tabo, ya magurudumu manne yenye tabo, vigari vya fremu tupu vinavyoitwa bagi, hadi daraja la watoto. Uganda mchezo unasimamiwa na shirikisho la vilabu vya mbio za magari, FMU, na jina la Busiika, kaskazini mwa Kampala, linajulikana kwa kila mpenda mbio za uwanjani. Mtu wa Mbarara anayetaka kuanza asitazame magari ya mabingwa kwanza. Atazame daraja la chini kabisa, la magurudumu mawili bila tabo. Huko ndiko Corolla ya zamani, ile ambayo Waganda wanaiita Kikumi, inakutana na wenzake.

Sasa zile springi. Gari la mzigo huinuliwa na kukazwa ili libebe. Uzito ukitoka, springi hizo hizo hugeuka adui: gari tupu linarukaruka juu ya mawimbi ya njia, tairi linaacha ardhi, na tairi lililo hewani halifungi breki wala haligeuzi gari. Tena gari lililoinuliwa lina kichwa kizito, hivyo kwenye kona huegemea nje mapema zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kufuta alichokifanya mwanzo: kutoa pete, kurudisha springi zenye kuteremka na kupanda kwa nafasi, na kutia shokapu nzima zenye nguvu ya kuzuia springi isirudi kwa pupa. Chini ya injini huwekwa bamba la chuma kukinga sampu ya oili. Viti vya nyuma, mazulia na spika hutoka. Hapo gari limekuwa jepesi bila kugusa injini hata kidogo, na fedha iliyotumika bado ni ndogo.

Kinachofuata ndicho watu wengi hukirukia, wakaenda kununua ekzosti ya kelele. Ni kizimba.

Kizimba ni mabomba ya chuma yanayojengwa ndani ya gari kumzunguka dereva, ili gari likipinduka paa lisimshukie kichwani. Mbarara ina mafundi wa kuchomelea wasio na idadi, hodari wa mageti na madirisha, na yeyote kati yao atakubali kazi hiyo asubuhi na kuikabidhi jioni. Hatari iko hapo. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, zinataka tao kuu liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo kisichopungua milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Mabomba mengine ya kizimba huanzia milimita 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Bomba la maji, hata likionekana nene, si bomba hilo. Lina mshono, na lile lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi wenye sumu na kuacha kiungo dhaifu. Kizimba cha bomba la maji kinapendeza kwenye picha. Gari likipinduka hujikunja na kuingia ndani alipo dereva, na hapo ni afadhali kusingekuwa na kizimba kabisa.

Miguu ya kizimba nayo ina sheria yake: kila mguu ukanyage sahani ya chuma yenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, iliyoshikizwa kwenye bodi. Ndipo linapokuja suala la kutu. Gari lililobeba samaki, chumvi au magunia yenye maji kwa miaka huwa limeoza sakafu chini ya zulia, na sakafu iliyooza haishiki mguu wa kizimba. Anayenunua gari la mbio anyanyue zulia kabla ya kufungua boneti.

Kofia ngumu ya bodaboda haifai. Kofia za magari hupimwa pia kwa moto na kwa kugonga bomba la kizimba mara kwa mara, jambo ambalo ya pikipiki haipimwi. Mikanda na viti vya mashindano vina lebo yenye mwaka, na mikanda yenye alama ya FIA huisha muda wake baada ya miaka 5. Wafanyabiashara wanaoleta vifaa vilivyotumika kutoka Dubai wanajua kusoma tarehe kwenye katoni la biskuti. Waisome na hapa, maana mkanda wa bei rahisi mara nyingi ni mkanda uliokwisha muda huko ulikotoka, na mkaguzi wa mashindano ataukataa gari likiwa tayari kwenye foleni.

Kuhusu kununua vipuri kuna jambo dogo la Nakivale. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo gereji moja inaweza kuwa na Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali. Kiswahili kinawaunganisha mpaka inapofika kwenye majina ya vipuri. Aliyejifunza kazi Bukavu au Bujumbura ana jina la Kifaransa, wa Mbarara ana la Kiingereza, na duka lililo njiani lina la kwake. Wenye uzoefu hawabishani. Hubeba kile kibovu mkononi.

Gari lenyewe litoke wapi? Ndani ya Uganda, lenye namba ya Uganda. Tangu mwaka 2018 sheria ya nchi hiyo inazuia kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 15, na Kenya kikomo chake ni miaka 8, kwa hiyo wazo la kuvusha mpakani kigari chepesi cha zamani kwa bei ya kutupa limefungwa. Gari la Kenya au Tanzania linaweza kuingia kwa kibali cha muda cha forodha, lakini kibali hicho ni cha kuingia na kutoka. Kulivunja na kuuza injini yake Mbarara ni kuingiza bidhaa bila ushuru, na msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa mwisho wake. Anayetoka Goma amezoea usukani wa kushoto na upande wa kulia wa barabara. Uwanjani hilo halina shida, kwa kuwa njia ya autokrosi haina upande. Shida ni kufika uwanjani.

Bima ndiyo inayowaponza wengi. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inatambuliwa Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo na hata Tanzania, inalipia madhara kwa mtu wa tatu barabarani ng'ambo ya mpaka. Haijaandikwa kwa ajili ya mashindano. Bima za kawaida za magari za ukanda huu nazo hutenga waziwazi mbio na majaribio ya mwendo. Gari likigonga kingo ya udongo Jumapili, hasara ni ya mwenye gari peke yake. Na kama ndilo gari lake la kazi, Jumatatu hakuna mzigo, hakuna nauli, na chama cha akiba na mkopo hakijui habari za vumbi la uwanjani. Hii ndiyo sababu kubwa, kuliko springi na kizimba, ya kutoingiza gari la biashara kwenye mbio. Asiyeweza kuwa na magari mawili aanze kwa kushiriki gari la mwenzake, watu watatu kwenye gari moja na zamu, ikiwa kanuni za siku hiyo zinaruhusu. Au aanze bila gari. Vilabu huhitaji watu wa bendera, wa saa na wa ukaguzi, na aliyesimama kwenye kona msimu mzima ameshaona makosa ambayo dereva mgeni atayalipia kwa bampa.

Leseni ya udereva haitoshi. Kuna leseni ya mashindano, inayopitia kwenye klabu na shirikisho. Mkimbizi au mgeni mwenye uraia wa nchi nyingine aulize mapema hati gani zitakubaliwa kabla hajanunua hata kofia. Kwenye hilo ni heri kukataliwa mapema.

Wanaodhani mchezo huu uliumbwa kwa ajili ya matajiri wana haki kwa kiasi fulani, lakini historia ya hapa hapa inawapinga. Mbio kubwa za ukanda huu zilipoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa gereji, alizishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akarudia 1974 na 1976. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ilikuwa miongoni mwa walioondoka, ikaanza upya Kenya. Mwaka uliofuata Mehta akashinda Safari kwa Datsun 240Z, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Rekodi ya ushindi mara tano ya mbio hizo ni ya mtu aliyepoteza makazi yake Uganda. Na mwaka 2011 ubingwa wa taifa wa rali wa Uganda ulichukuliwa na mwanamke, Susan Muwonge.

Siku ya kwanza uwanjani, mgeni atembee njia nzima kwa miguu. Atazame wapi udongo ni mgumu na wapi maji ya kutuliza vumbi yamemwagwa, kwa sababu anayetangulia hukuta utelezi na anayefuata hukuta mashimo. Apunguze upepo wa tairi kidogo kutoka ule wa mzigo. Raundi ya kwanza aingie kona polepole na atoke kwa nguvu. Madereva wa mizigo wana tabia ya kinyume, ya kuingia kwa kasi wakitegemea uzito uwashike, na uzito sasa haupo.

Inabaki safari yenyewe. Gari lililong'olewa viti na kuvikwa kizimba si la kuendeshwa kilomita zaidi ya 250 kutoka Mbarara hadi Kampala, kisha likarudi likiwa limevunjika. Hubebwa. Isingiro ni nchi ya matoke, na malori yake huelekea Kampala yakiwa yamejaa na mengi hurudi matupu. Kwenda, mwenye gari la mbio atashindana na bei ya ndizi na huenda akashindwa. Kurudi Jumapili usiku ni maelewano na dereva wa lori, mbao mbili za kupandishia na kamba nzuri.