Dhahabu ya matarumbeta ya kale: kuisugua ni kuimaliza

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Hata hivyo, ziko ala za muziki za kale ambazo mng'ao wake ni wa dhahabu halisi. Ajabu ni kwamba adui mkubwa wa dhahabu hiyo si wingi wa miaka, bali ni mkono wa mtu anayeisafisha kwa bidii.

Katika miaka ya 1920, kiwanda cha C. G. Conn, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, Marekani, kilitengeneza matarumbeta na saksafoni za shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mnunuzi aliyekuwa na uwezo aliweza kuagiza ala iliyochovywa dhahabu, na mdomo wake mpana ukanakshiwa maua kwa mkono. Kazi ya kuchovya madini kwa umeme ilikwisha kuenea viwandani tangu akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipopata hataza yao mwaka 1840.

SAFU NYEMBAMBA

Dhahabu haishiki vizuri juu ya shaba. Kwa hiyo mafundi walichovya ala katika fedha kwanza, kisha dhahabu juu yake. Safu hiyo ya dhahabu ni nyembamba mno. Aghalabu haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita.

Dhahabu yenyewe haishiki kutu wala haisawijiki. Lakini ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Hewa yenye salfa hupenya humo, ikaigusa fedha iliyo chini, na weusi ukajitokeza juu. Mwenye ala huona weusi huo akadhani ni uchafu, akachukua dawa ya kung'arishia shaba. Dawa hiyo ina chembechembe za kukwangua. Weusi huondoka kweli, lakini na dhahabu nayo huondoka.

KUITAMBUA

Ala nyingi za rangi ya dhahabu zimepakwa vanishi tu. Tazama pale vidole vinapokaa. Vanishi ikichakaa hubanduka, na chini yake huonekana shaba iliyogeuka kahawia. Dhahabu ikilika, chini yake huonekana weupe wa fedha.

KUITUNZA

Kila baada ya kupiga, mwaga maji yaliyomo ndani, kisha futa jasho la mikono kwa kitambaa laini cha pamba. Jasho lina chumvi. Kwa watu wa pwani, ambako hewa nayo ina chumvi na unyevu, jambo hili ni la lazima.

Tarumbeta laweza kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, baada ya kutoa pistoni zake. Lisuuze, likaushe kwa kuligusagusa na kitambaa pasipo kusugua, kisha rudisha mafuta kwenye pistoni na mirija ya kuvuta. Saksafoni isitumbukizwe majini kamwe, kwa kuwa vifuniko vyake vya ngozi vitaharibika.

Majivu, mchanga, ndimu na ukwaju, ambavyo akina mama wengi hung'arishia vyombo vya shaba, visiguse dhahabu hii. Majivu na mchanga hukwangua; ndimu na ukwaju hupenya vitunduni na kuishambulia metali ya chini.

Ala ihifadhiwe katika kasha kavu. Usiweke humo kitambaa chenye maji, wala usiifunge kwa mipira, kwani mipira huwa na salfa.

KUCHOVYA UPYA?

Wako wanaofikiri kuwa dhahabu ikiisha, dawa ni kuchovya tena. Lakini kabla ya kuchovya, fundi hulazimika kuisugua ala yote hadi iwe laini. Shaba hupungua unene, na nakshi iliyochorwa kwa mkono takriban miaka 100 iliyopita hufifia. Dhahabu mpya yaweza kununuliwa. Mkono wa mchoraji yule hauwezi. Aidha, kazi yenyewe hutumia sianidi, ambayo ni sumu kali, na si ya kujaribiwa nyumbani.

Basi, ukirithi ala ya namna hii, au ukiikuta sokoni, usiharakishe kuifanya ing'ae. Weusi kidogo hauidhuru sauti yake, na chini ya weusi huo dhahabu ingalipo.