Moshi wa Mji na Maji ya Ziwa

Huko Marekani uko mji mkubwa uitwao Chicago, umejengwa ufuoni mwa Ziwa Michigan. Ziwa hilo lina kilomita za mraba 58,000 hivi, yaani ni dogo kuliko Ziwa Victoria tulijualo sisi. Watu wa mji hunywa maji yake. Na zamani uchafu wao wote uliingia ziwani kwa njia ya mto. Walipoona hatari ya magonjwa walichimba mfereji, na mwaka 1900 mto wenyewe ukageuzwa, ukaacha kumwagika ziwani. Ilikuwa kazi ya ajabu sana.

Mto waliweza kuugeuza, walakini upepo hawakuweza. Toka Chicago mpaka Gary, mji uliojengwa mwaka 1906 kwa ajili ya kazi ya chuma cha pua, zilisimama dohani nyingi, na makaa ya mawe yalichomwa mchana na usiku. Moshi ukipanda juu, mtu hudhani umekwisha. Sivyo. Masizi huanguka majini yenyewe kwa yenyewe. Mvua na theluji huosha mengine hewani na kuyashusha. Na tena uko mvuke wa sumu usioonekana kwa macho, ambao maji huunywa hata siku isiyo na mvua.

Katika sumu hizo imo zebaki, itokayo katika makaa, na PCB, mafuta yaliyotiwa katika vyombo vya umeme. Wataalamu waliopima mwaka 1994 na 1995 waliona ya kuwa hewa ya Chicago ikipulizwa juu ya ziwa, PCB huingia majini. Hewa safi ikija, ziwa huitoa tena kidogo kidogo, kana kwamba linapumua.

Huenda mwalimu akauliza, Twajuaje kwamba ni hewa, wala si mito? Ni swali jema, maana hapo kwanza bandari na mito ililetea Michigan sehemu kubwa ya PCB. Lakini kaskazini, katika Ziwa Superior, kiko kisiwa cha Isle Royale, na ndani yake ziwa dogo liitwalo Siskiwit. Hapana kiwanda kisiwani wala motokaa, na maji ya Siskiwit yako juu kuliko yale ya ziwa kubwa, hata hayawezi kuingiliwa nayo. Hata hivyo samaki wake walipopimwa katika miaka ya 1970, walikutwa na PCB. Ilipita wapi isipokuwa hewani?

Tena maji ya Michigan huchukua zaidi ya miaka 60 kubadilika, kwa hiyo kiingiacho hukaa. Vijidudu vya majini hula sumu kidogo, samaki wadogo huvila vijidudu, samaki wakubwa huwala wadogo, na kila mlaji huikusanya zaidi.

Mwisho wa mfululizo huo ni mtoto. Mwaka 1996 wataalamu Joseph na Sandra Jacobson walitoa habari za watoto 212 wa upande wa Michigan, ambao wengi wao mama zao walikuwa wamekula samaki wa ziwa. Walipopimwa wakiwa na miaka 11, wale waliopata PCB nyingi zaidi tumboni mwa mama walikuwa nyuma ya wenzao katika akili na kusoma. Mama hao hawakukosa neno. Walipika kitoweo cha kwao.

Utengenezaji wa PCB ulikatazwa mwaka 1979, na mwaka 2012 mitambo miwili ya mwisho ya umeme wa makaa mjini Chicago ilifungwa. PCB katika samaki imepungua sana, bali haijaisha. Hata leo wavuvi huonywa kuondoa ngozi na mafuta ya samaki kabla ya kumpika, kwa kuwa PCB hukaa katika mafuta. Zebaki nayo hukaa katika nyama yenyewe, wala kisu hakiitoi. Hivyo wanawake wenye mimba na watoto huambiwa wasile sana samaki wakubwa, bali wachague wadogo.